Namna ya Kukusanya Maoni ya Watazamaji Kuhusu Filamu ya Zamani ya Roboti

Anayetaka kujua watu wa Dodoma wanaionaje filamu ya roboti iliyotengenezwa kabla wengi wao hawajazaliwa atapata majibu mengi kwa muda mfupi, na sehemu kubwa ya majibu hayo haitamfaa kitu. Mtazamaji akiulizwa ghafla hutaja kwanza uzee wa filamu: haina rangi, inakwenda polepole, roboti anaonekana wazi kuwa ni mtu aliyevishwa. Yote hayo ni kweli, ila yanaeleza umri wa filamu tu. Maelekezo haya yanahusu jinsi ya kuvuka hapo na kuyafikia maoni juu ya jambo lenyewe, na mfano nitakaoutumia ni The Day the Earth Stood Still ya mwaka 1951, iliyoongozwa na Robert Wise, kwa kuwa sijaona filamu ya roboti ya enzi zile inayozua ubishi kama huo.

Mwandaaji aijue vizuri kabla ya kumwalika mtu. Chombo cha anga kinatua Washington, na ndani yake anatoka Klaatu, mgeni mwenye umbo la binadamu anayeigizwa na Michael Rennie, akifuatana na Gort, roboti ambaye kifuniko cha uso wake kikiinuka hutoa mwali unaoyeyusha bunduki na vifaru. Klaatu anapigwa risasi na askari mwenye kiherehere, anatoroka hospitali, kisha anapanga chumba katika nyumba anamoishi Helen Benson, mjane anayeigizwa na Patricia Neal, pamoja na mwanawe Bobby. Mwishoni anawatangazia wanasayansi kwamba sayari nyingine zimewakabidhi roboti wa aina ya Gort mamlaka yasiyotanguka ya kuadhibu uchokozi wowote, na kwamba dunia ichague kuishi kwa amani au kuteketezwa. Itazame mara mbili, na mara ya pili uwe na kalamu, uandike kila tukio muhimu linatokea dakika ya ngapi, maana mtazamaji atakapokwambia "pale alipomfuata yule mama" utalazimika kujua ni pale wapi.

Filamu ina dakika 92, kwa hiyo ukianza saa kumi na mbili jioni, kabla ya saa mbili usiku mtakuwa mmemaliza na watu bado wana muda wa kuzungumza pasipo kuhangaikia usafiri. Fanyia ndani ya chumba, hasa kati ya Juni na Agosti, kwani upepo wa baridi wa Dodoma hutawanya mkutano kabla mjadala haujakolea. Watazamaji kati ya kumi na ishirini wanatosha. Ukikusudia onesho la hadhara au la kiingilio, ulizia mapema masharti ya kibali katika Bodi ya Filamu.

Suala la lugha ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Filamu ni ya Kiingereza, na wengi wetu tumekulia kwenye vibanda umiza, ambako mfasiri hueleza muvi kwa Kiswahili huku akichombeza utani wake. Sanaa hiyo naiheshimu sana, lakini katika kazi ya kukusanya maoni ina madhara: mfasiri akimwita Gort "jamaa wa bati" watu watacheka, na wewe utaandika kwamba watazamaji walimwona roboti kuwa kichekesho, ilhali kichekesho kilitoka kinywani mwa mfasiri. Mwombe anayefasiri aeleze maneno yanayosemwa na anyamaze pale filamu inaponyamaza. Aache pia muziki wa Bernard Herrmann usikike, kwa sababu ile sauti ya kutetemeka ya ala ya umeme iitwayo theremini ndiyo inayofanya nusu ya kazi ya kumtisha mtazamaji.

Kabla ya kuwasha projekta sema machache tu. Taja mwaka wa filamu, na uulize ni nani ameona toleo la 2008 la Keanu Reeves, kwani vijana kadhaa watakuwa wameliona na watakuwa wanalinganisha wakati wote. Majibu yao yawekee alama. Usieleze maana ya filamu.

Inapokwisha, gawa karatasi kabla mtu yeyote hajafungua kinywa, na kila mmoja aandike sentensi mbili au tatu; asiyependa kuandika amnong'oneze msaidizi wako. Sababu yake ni ya hapa kwetu. Mzee akishasema kwamba filamu ni nzuri, vijana wote watasimama mmoja baada ya mwingine na kusema "naungana na mzungumzaji aliyetangulia", na hapo utakuwa umekusanya maoni ya mtu mmoja kwa sauti kumi na tano. Baada ya karatasi, waombe wazee kwa heshima waridhie vijana waanze. Ukiwaeleza kwamba neno lao ndilo litakalofunga, sidhani kama kuna atakayekataa.

Usiulize "umeipenda?" wala usiombe alama za nyota. Uliza tukio: ulicheka wapi, uliogopa wapi, ni wapi ulitamani kumkemea mtu? Gort aliigizwa na Lock Martin, bawabu wa jumba la sinema aliyekuwa na urefu wa zaidi ya mita mbili, na mavazi yake yalikuwa mawili, moja la kufungwa mbele na jingine la kufungwa nyuma, ili kamera isione mshono. Hata hivyo, anapotembea mikunjo inajitokeza wazi nyuma ya magoti, na hapo ndipo vicheko huanza. Mwulize aliyecheka kama alicheka pia wakati Helen anarudi nyuma usiku na roboti yuleyule anamkaribia taratibu bila kusema neno. Akijibu kwamba hapo alinyamaza, mfuatilie: ni nini kilichobadilika, na vazi ni lilelile?

Tukio jingine la kuulizia ni lile ambalo Klaatu anazima umeme karibu dunia nzima kwa nusu saa, akiacha hospitali na ndege zilizo angani. Mwaka 1951 tukio hilo lilikusudiwa kuogofya. Kwetu, ambako kukatika umeme ni habari ya kawaida, mtu anaweza kusema kwamba mgeni huyu ana huruma kuliko alivyotarajia, kwa kuwa amefikiria wagonjwa. Andika hivyo hivyo alivyosema. Ni maoni halali kuhusu tabia ya Klaatu.

Baada ya hapo ndipo uingie kwenye kiini, yaani mamlaka ya Gort. Watazamaji kwa kawaida hugawanyika haraka: wapo wanaosema kwamba hakimu asiyehongeka, asiye na kabila wala njaa, ndiye tuliyemhitaji siku zote, na wapo wanaosema kwamba amani inayolindwa kwa tishio la kuteketezwa ni utumwa. Mimi niko upande wa pili, lakini mwendesha mjadala asiseme aliko. Kazi yako ni kuuliza swali linalofuata: Gort akikosea, rufaa inakwenda kwa nani? Ingekuwaje kama chombo kingetua Nyerere Square? Kama kuna wazee, ulizia Kongwa, mkoani hapa Dodoma. Januari 1951, miezi michache kabla ya filamu kutoka, serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mradi wa karanga ulioanzia Kongwa, uliokuwa umeletewa matrekta, mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya Sherman, na ardhi ngumu ya Ugogo ikayashinda. Anayekumbuka simulizi hizo huizungumzia mashine iletwayo na wageni kwa namna ambayo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) hataifikia peke yake.

Jiandae pia kwa mjadala wa dini, kwa kuwa Klaatu anauawa na kurudishiwa uhai ndani ya chombo. Wakristo wengi huona mfano wa Yesu papo hapo. Klaatu anasema kwamba uwezo wa kurudisha uhai moja kwa moja ni wa Roho Mwenyezi pekee, na sentensi hiyo iliongezwa kwa sababu wakaguzi wa filamu wa Marekani waligomea ufufuo wa namna ile. Litaje hilo baada ya watu kusema, na si kabla.

Katika kuandika, nukuu maneno kama yalivyotamkwa, na umtambulishe msemaji kwa umri na shughuli yake bila jina, kwa mfano mama wa makamo anayeuza mboga Soko la Majengo. Linganisha karatasi ya mwanzo na alichosema mwishoni. Pale vinapopishana, andika vyote viwili pamoja na hoja iliyomgeuza. Waliotoka katikati nao wahesabiwe: andika walitoka dakika ya ngapi, na kesho yake uwapigie simu kuwauliza ni nini kilichowatoa.