Somo: Kupanga Mitaro ya Mvua Kiwanjani kwa Kuanzia Mwisho wa Maji

Mafundi wengi wa Dar es Salaam huanzia juu: hufunga gata, hushusha bomba, kisha huyaacha maji yajichagulie pa kwenda, nayo mara nyingi huchagua uwanja wa jirani au msingi wa nyumba yenyewe. Somo hili linakwenda kinyume na mazoea hayo, kwa kuwa linaanza mahali maji yatakapoishia na kurudi nyuma hadi kwenye bati. Kazi hii ifanyike kati ya Juni na Septemba, ardhi ikiwa kavu, wala si baada ya masika kuanza.

Hatua ya kwanza: tafuta mwisho wa maji

Maji ya kiwanjani huishia kwenye mtaro wa barabara, kwenye tangi, au kwenye shimo la kuyafyonza. Ukitaka kuunganisha na mtaro wa barabara, omba kwanza kibali kwa mwenye barabara: barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), na nyingi za mitaani ziko chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini). Kabla ya hapo, hakikisha kwamba kitako cha mtaro huo kiko chini kuliko uwanja wako, kwa sababu kikiwa juu, siku mtaro unapojaa, maji ya mtaa mzima yatarudi kwako kupitia bomba ulilolilipia mwenyewe. Walio karibu na mto wakumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka ukanda wa hifadhi wa mita 60 kutoka ukingoni.

Hatua ya pili: kadiria kiasi

Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1. Paa linalofunika mita za mraba 120 likipata milimita 50 litamwaga lita 6,000. Pima eneo la chini linalofunikwa na paa, usipime urefu wa bati kwenye mteremko wake. Duka lenye maegesho ya zege ya mita za mraba 800 litapata lita 40,000 kwa mvua hiyohiyo, yaani takriban lita 11 kwa sekunde ikiwa itanyesha yote ndani ya saa moja. Mtaro wa zege wa sentimita 30 kwa 30 wenye mteremko mzuri hubeba maji hayo bila shida. Kwa hiyo unapofurika, chunguza mteremko na takataka kabla ya kulipia kuupanua.

Hatua ya tatu: weka mteremko

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa kuwa jicho hudanganya. Tumia mpira wa maji mwangavu uliojazwa maji (maji hukaa usawa mmoja kwenye ncha zote mbili), vigingi na kamba, na uupe mtaro angalau sentimita 1 kwa kila mita: mtaro wa mita 20 ushuke sentimita 20 kutoka mwanzo hadi mwisho. Uwanja wenye zege au pevingi uteremke sentimita 2 kwa mita. Penye udongo wazi kando ya nyumba, ardhi ishuke takriban sentimita 15 katika mita 3 za kwanza, ikielekea mbali na ukuta.

Hatua ya nne: shimo la kufyonza, kama udongo unakubali

Chimba tundu la sentimita 30, lijaze maji, yakiisha lijaze tena, kisha angalia. Yakiwa bado yamesimama kesho yake, udongo ni wa mfinyanzi na shimo litakuwa kisima tu. Maeneo ya bondeni na ya karibu na pwani jaribio la kiangazi halitoshi, kwani maji ya ardhini hupanda wakati wa masika. Waulize majirani wenye visima. Shimo likae angalau mita 5 kutoka kwenye msingi, lijazwe mawe, na litanguliwe na chemba ndogo ya kunasa mchanga, ambayo bila kuizoa mara kwa mara shimo litaziba.

Gata na mabomba yafungwe mwisho, yakiwa na wavu wa kuzuia majani. Gereji na sehemu za kuoshea magari ziwe na chemba ya kutenga oili kabla maji hayajatoka nje.

Maswali ya washiriki wa somo

Swali: Mwalimu, jirani yangu wa juu ameweka pevingi uwanja mzima na maji yote yanaingia kwangu. Je, nizibe kwa ukuta?

Jibu: Usizibe, ndugu yangu. Maji yakijikusanya nyuma ya ukuta usio na matundu huusukuma hadi uanguke. Acha matundu chini ya ukuta, jenga mtaro upande wako uyapokee, na mzungumze kuhusu kugawana gharama, ikibidi mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Swali: Mifuniko ya mtaro wa dukani kwangu ni mizito, hivyo hausafishwi. Nifanyeje?

Jibu: Tengeneza vipande vya sentimita 60 kwa 40, unene wa sentimita 7 au 8, vyenye vishikio vya nondo. Kila kimoja kitakuwa na kilo 40 na ushee, na watu wawili watakiinua. Penye magari weka wavu wa chuma uliochomelewa kwa ajili ya uzito huo.

Swali: Naomba kujua kama naweza kuyaelekeza maji ya bati kwenye shimo la choo, maana lina nafasi.

Jibu: Hapana. Nafasi hiyo itajaa kwa mvua moja, na shimo likishajaa kinyesi kitapanda juu na kusambaa mtaani, hali inayoeneza kipindupindu. Kama huna pengine pa kuyapeleka, nunua tangi la lita 5,000, na bomba lake la kumwagia ziada ulielekeze kwenye bustani iliyo upande wa chini wa nyumba.