Ukianguka na Goti la Bandia: La Kufanya Tangu Sakafuni Hadi Mazoezini

Mtu akianguka na goti la bandia, swali la kwanza nyumbani huwa, "Chuma kimevunjika?" Mara nyingi chuma ni kizima. Kofia ya chuma iliyovikwa ncha ya fupa la paja, sahani iliyokaa juu ya muundi na plastiki ngumu iliyo katikati huvumilia kishindo kuliko mwili unaovibeba. Vinavyoumia ni vile vilivyoshikana navyo: mfupa ulio juu kidogo ya ile kofia, pia ya goti (kifupa cha mviringo kilicho mbele ya goti), kano inayoiunganisha pia hiyo na muundi, na mshono ambao haujakomaa. Hivyo ndivyo vya kukaguliwa, na ukaguzi huanza ukiwa bado umekaa chini.

Usikubali kuinuliwa kwa makwapa. Ukianguka steji ya matatu, watu wawili watakunyanyua kabla hujavuta pumzi, na hapo mfupa uliopata ufa unaweza kuachana kabisa. Waambie wangoje, kisha:

1. Linganisha miguu. Ulioumia umepinda, umegeukia nje au umekuwa mfupi?
2. Vua kiatu, chezesha vidole, gusa wayo. Una baridi au ganzi mpya? Ganzi ya upande wa nje wa kovu ilikuwapo tangu upasuaji, usiihesabu.
3. Tazama mshono. Hata ufa mdogo unaotoa damu au majimaji ni mlango unaoweza kufika kwenye chuma.
4. Nyoosha goti, kaza paja, inua kisigino sentimita chache kutoka chini.

Hilo la nne ndilo la kuzingatia zaidi. Kisigino kikiinuka, misuli ya mbele ya paja, pia ya goti na kano bado zinavutana. Kikikataa, ilhali jana kiliinuka, huenda kano imekatika au pia ya goti imevunjika. Wengine hushindwa kwa sababu ya maumivu tu, lakini kutofautisha hayo mawili si kazi ya kufanyia barabarani. Chukulia kuwa ni kano.

Jibu baya kwa lolote kati ya hayo, au paja likiuma vikali ukijaribu kukanyaga, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo ukigonga kichwa huku unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, hata kama unajisikia vizuri. Na chai isubiri. Kwetu aliyeanguka hupewa kwanza chai ya maziwa yenye sukari nyingi, lakini maziwa na chakula vinaweza kuchelewesha upasuaji kwa saa kadhaa, maana daktari wa nusu kaputi anataka tumbo tupu.

Ukijibu vizuri yote, jiinue mwenyewe bila kupiga magoti: sota kwa makalio hadi kwenye ngazi au kigoda, jisukume kwa mikono ukae kipandio cha kwanza, kisha cha pili na cha tatu, mpaka ufikie kimo cha kiti. Simama kwa mguu mzima.

Kuhusu usafiri, bodaboda haifai kabisa, na matatu ya abiria 14 itakukunja goti safari nzima. Chukua teksi, ukae kiti cha nyuma kwa upana, mguu umenyooshwa juu ya kiti. Ukishuku kuvunjika, zungushia mguu mto, uufunge kwa leso mbili juu ya goti na mbili chini yake, fundo lisikae juu ya goti lenyewe. Mguu ukiwa umepinda, usiunyooshe, ufunge ulivyo. Ambulensi ya Msalaba Mwekundu huitwa kwa 1199, na nambari za dharura za serikali ni 999 na 112.

Kama mshono umefunguka au mguu umepinda, nenda hospitali ya karibu yenye eksirei na daktari wa mifupa. Foleni ya magari ya Waiyaki Way, barabara ya kutoka Nairobi, si ya kubishana nayo eti kwa sababu goti liliwekwa hospitali ya Kikuyu au Kijabe. Jambo lisipokuwa la haraka, rudi kwa aliyekupasua. Faili yake ina vibandiko vya aina na saizi ya viungo vilivyowekwa, na pakihitajika kubadilishwa kipande kimoja, bila vibandiko hivyo daktari mwingine atapapasa gizani. Viombe mapema, vipige picha, uviweke kwenye simu. Beba pia eksirei ya baada ya upasuaji, maana ufa mwembamba huonekana kwa kulinganisha ya zamani na mpya. Na kama uliwekewa pia nyonga ya bandia upande uleule, omba paja lote lipigwe picha, kwani mfupa ulio kati ya vyuma viwili huvunjika kwa urahisi.

Ukiruhusiwa kwenda nyumbani, siku tatu za kwanza ni za barafu na kuinua mguu. Kifuko cha minji iliyogandishwa hukaa vizuri gotini kuliko mabonge ya barafu. Kiviringishe kwa taulo, ukiweke dakika 15 hadi 20 kila baada ya saa mbili au tatu. Chungulia ngozi kila dakika tano: karibu na kovu haihisi vizuri, inaweza kuungua kwa baridi bila wewe kujua. Mguu uinuliwe juu kuliko moyo, mito ikiwa chini ya kisigino na shavu la mguu. Mto chini ya goti unastarehesha sana, na ndiyo sababu wengi hubaki na goti lisilonyooka. Bendeji ya kuvuta ianzie kwenye wayo ipande hadi pajani. Ikianzia gotini, wayo ndio utakaovimba.

Kwa maumivu, mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini hunywa parasetamoli mbili za miligramu 500 kila saa sita, zisizidi nane kwa siku. Hesabu pia zilizomo kwenye dawa za mafua. Diklofenaki na ibuprofeni zikiongezwa juu ya dawa za kuzuia damu kuganda huleta kutokwa damu, kwa hiyo usizinunue bila daktari wako kujua. Kuchuliwa mshipa, mafuta ya moto na sindano ya goti kwenye duka la dawa, kataa vyote.

Sasa jambo linaloharibu magoti mengi yaliyokuwa ya kuokolewa: antibiotiki za kujinunulia. Goti la bandia huweza kuwa na joto kidogo kwa miezi kadhaa na kugonga kwa ndani, na hayo si kitu. Lakini wekundu unaoenea, uvimbe unaozidi baada ya siku ya tatu, usaha au homa ni dalili za vijidudu. Hivyo hujishika kwenye chuma na kujifunika utando ambao vidonge haviupenyi. Vidonge vichache vitatuliza homa tu, na daktari akija kuvuta majimaji kwa sindano, maabara haitaotesha kijidudu chochote. Vijidudu vikigunduliwa mapema, goti huoshwa na plastiki kubadilishwa, chuma kibaki. Vikichelewa kugunduliwa, chuma na plastiki vyote hung'olewa. Kwa hiyo majimaji kwanza, dawa baadaye, isipokuwa mgonjwa amezidiwa sana. Zungushia wekundu mstari wa kalamu uone kama unavuka, na kwa futi ya fundi cherehani pima mzingo wa paja sentimita 10 juu ya pia, asubuhi na jioni, uandike. Shavu la mguu likivimba na kuuma, hiyo huenda ni damu iliyoganda; kifua kikibana au pumzi ikikatika, usingoje kitu.

Mazoezi yaanze mara tu daktari anapothibitisha hakuna kilichovunjika wala kukatika. Chezesha kifundo mara 20 kila saa. Kunja taulo, weka chini ya kisigino, sukuma goti kuelekea kitandani, hesabu tano, rudia mara 10, mara tatu kwa siku. Kisha buruza kisigino kuelekea makalio. Maumivu yakidumu zaidi ya saa mbili baada ya zoezi, punguza nusu kesho, usiache, kwa sababu goti lililolazwa wiki mbili huota makovu ndani.

Anayeishi ghorofa ya nne isiyo na lifti, katika mitaa ya Nairobi kama Pipeline au Zimmerman, akumbuke: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, mbovu hutangulia pamoja na gongo. Fimbo moja hushikwa mkono wa upande wa mguu mzima. Bafuni, weka mkeka wa mpira, na mitungi ya maji ihamishwe kutoka njia ya kwenda chooni kabla stima haijapotea.