Kagua takwimu kabla hujaiingiza kwenye tasnifu

Mfano wetu ni vifo vitokanavyo na uzazi Tanzania, takwimu inayonukuliwa vibaya mno kwenye tasnifu za afya ya jamii.

1. Pata andiko zima. Ikisiri haitoshi. Bandika DOI (namba ya kudumu ya utambulisho wa makala) kwenye doi.org, ukikuta malipo, muone mkutubi au mwandikie mwandishi barua pepe.

2. Hakikisha makala haijabatilishwa. Tumia Zotero, programu ya kutunza marejeo, achana na kuyaandika kwa mkono: inalinganisha maktaba yako na kanzidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizobatilishwa, na kukupa onyo. Makala ya Wakefield ya 1998 kwenye The Lancet, ya watoto 12, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, ilibatilishwa 2010. PDF ya zamani iliyozungushwa kwenye kundi la WhatsApp inaweza isikuonyeshe hilo.

3. Fuata namba mpaka ilikotoka. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo usiharakishe. Tuseme makala inasema vifo ni 556 na kumtaja fulani. Huyo fulani naye kamtaja mwingine. Endelea kurudi nyuma hadi ufike kwenye ripoti yenye jedwali lenyewe.

Utakutana na namba tatu, zote kwa kila vizazi hai 100,000: 556 ya TDHS (utafiti wa kitaifa wa kaya kuhusu afya na idadi ya watu Tanzania) wa 2015-16, 104 ya TDHS 2022, na 238, makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 katika toleo la 2023. Kosa linalojirudia ni kuandika kwamba vifo vimeshuka "kutoka 556 hadi 238". Huwezi. TDHS huwauliza wahojiwa kuhusu ndugu zao waliozaliwa na mama mmoja, hivyo namba yake inahusu miaka kadhaa kabla ya utafiti, wala si mwaka ulio kwenye jalada. Umoja wa Mataifa hukokotoa kwa modeli inayounganisha vyanzo mbalimbali. Linganisha TDHS na TDHS, makadirio na makadirio ya toleo lilelile, maana toleo jipya hurekebisha hata miaka ya nyuma.

Hata ndani ya TDHS, soma vitu viwili. Kwanza, mipaka ya uhakika wa asilimia 95, yaani wigo ambamo namba halisi inakadiriwa kuwamo: ile 556 ina 446 hadi 666, pana sana. Pili, fasili, yaani kifo kipi kinahesabiwa kuwa kimetokana na uzazi. Tafiti za zamani za aina hii zilihesabu kila kifo cha mjamzito hadi miezi miwili baada ya ujauzito kwisha. Za karibuni zinaishia siku 42 na kuondoa ajali na ukatili. Fasili ikibadilika, sehemu ya mshuko inaweza kuwa imetokana na namna ya kuhesabu tu. Tazama maelezo madogo chini ya jedwali. Mara nyingi jibu liko hapo.

4. Kagua jarida. Litafute DOAJ (orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni) au AJOL (tovuti ya majarida ya Afrika). Ada ya kuchapisha peke yake si dosari, majarida mengi mazuri hutoza. Ahadi ya kupitisha makala ndani ya siku tatu ndiyo dosari.

5. Andika namba pamoja na utafiti, kipindi na mipaka yake: "Kwa mujibu wa TDHS 2015-16, uwiano ulikuwa 556 (446–666) kwa vizazi hai 100,000 katika kipindi cha kabla ya utafiti." Kama ripoti hukuifungua, andika "kama ilivyonukuliwa na", na msimamizi wako ajue hivyo.