Kaza mbeleko: kumbeba mtoto mchanga kifuani

Binti yangu alikuwa na siku kumi na moja nilipombeba kwa kitambaa mara ya kwanza. Mama yake alikuwa amejifungua kwa upasuaji, hivyo kazi ya kubeba ilikuwa yangu. Nilifunga kwa woga. Kila nilipotaka kukaza nilihisi namminya, nikalegeza. Kama robo saa hivi baadaye, nikiwa nakunja nguo zake, nikasikia sauti ndogo kama ya mtu anayekoroma mbali. Kutazama chini, mtoto alikuwa ameteremka hadi usawa wa tumbo langu, mgongo umejikunja, kidevu kimelala kifuani pake. Nilimtoa palepale. Alivuta pumzi, akalia, akanyonya, akalala.

Kesho yake mkunga alipokuja kumwangalia mama, nilimsimulia. Akanifungua kitambaa chote, akanifunga upya, akakaza kuliko nilivyothubutu. "Baba, usiogope kumkaza," akaniambia. "Ogopa kumlegezea."

Hilo ndilo ninalomwambia kila mzazi mpya anayeniuliza habari ya mbeleko. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito na shingo haina nguvu ya kukibeba. Njia yake ya hewa ni nyembamba na laini. Kidevu kikishuka kifuani, njia hiyo hujikunja kama mpira wa maji uliopindwa, na yeye hawezi kujiinua. Pua ikibanwa na kitambaa au kifua chako, ni vilevile. Tena mara nyingi halii wala hafurukuti. Binti yangu alikoroma, nikabahatika kusikia; mtoto anaweza kukosa hewa kimya kabisa.

Hatari ni kubwa zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi minne, na zaidi kwa njiti, aliyezaliwa na uzito mdogo, au mwenye mafua na shida ya kupumua. Kama wako ni mmoja wa hao, zungumza kwanza na daktari au mkunga. Si kwamba njiti habebwi. Mwaka 1978, huko Bogotá, Kolombia, madaktari walianza kuwaweka watoto njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa mashine za kuwatunzia joto hazikutosha, na njia hiyo imeenea duniani. Ila hao hufungwa wima, tena chini ya uangalizi wa wauguzi.

Sasa tufunge. Ninachoeleza hapa ni kitambaa kirefu kinachovutika, cha mita tano hivi, kwani ndicho rahisi kwa wiki za mwanzo. Kikague kwanza kwenye mwanga: kisiwe na tundu wala mshono uliofumuka. Jizoeze mara mbili tatu kwa blanketi lililoviringishwa. Na mara ya kwanza kumfunga mtoto, awe ameshiba, amebadilishwa nepi na ametulia, wewe ukiwa umesimama karibu na kitanda.

Tafuta katikati ya kitambaa, uiweke kifuani chini kidogo ya matiti. Pitisha ncha zote mbili mgongoni, zipishane, kila moja ipande juu ya bega la upande wa pili na kushuka mbele. Zipitishe zote mbili chini ya ule mkanda wa kifuani, vuta, zipishanishe mbele ya tumbo, zizungushe kiunoni ukafunge fundo bapa pale linapofikia, mgongoni au ubavuni. Kitambaa kisijisokote mgongoni. Kitandaze kiwe kipana, na mabegani kishuke kidogo kwenye mkono badala ya kukusanyika shingoni. Uzito ukikaa shingoni, baada ya nusu saa kichwa kitakuuma. Kabla ya kumweka mtoto, kifunge kikubane kama fulana iliyokukaa sawasawa. Utaona hakuna nafasi ya mtoto. Ipo: kitambaa kitavutika.

Mweke mtoto begani, juu kuliko utakapomwacha. Mkono mmoja usitoke mgongoni mwake mpaka mwisho. Kati ya mikanda miwili inayoshuka kutoka mabegani, ingiza mguu mmoja ndani ya ule ulio karibu zaidi na mwili wako, utandaze mkanda huo kutoka goti hadi goti na kupanda mgongoni hadi shingoni. Fanya hivyohivyo kwa mkanda wa pili, kisha vuta ule wa kifuani ufunike yote miwili. Nyayo zitoke nje, asizikanyage ndani ya kitambaa.

Miguu yake ikae kama ya chura: magoti juu kuliko makalio, mapaja yameachana kiasi na yameshikiliwa na kitambaa mpaka nyuma ya goti. Nyonga za mchanga bado ni laini, na mkao huo unazisaidia. Miguu iliyonyooshwa na kubanwa pamoja inaweza kuzidhuru. Usiilazimishe kuachana zaidi ya inavyotaka yenyewe. Ukishamkalisha, shika nyuma ya magoti yake kwa chini, yainue taratibu, makalio yazame. Mgongo utajipinda kidogo. Huo ni mpindo wake wa asili, ilmradi kitambaa kimemshikilia asibonyee.

Hapa sasa ndipo ninapotumia muda mwingi, hata leo. Inamisha kichwa umbusu utosini. Ukilazimika kunyoosha shingo, yuko chini mno. Tazama uso: pua na mdomo uvione bila kufunua chochote. Chini ya kidevu pawe na nafasi ya kupita kidole kimoja au viwili. Kisha weka kiganja mgongoni mwake, ukimbonyeze taratibu. Akisogea karibu nawe, au akijikunja, kitambaa kimelegea. Mwisho, mkono ukiwa bado nyuma yake, inama mbele kidogo. Akiachana na kifua chako, mtoe, ufunge upya. Ndiyo, upya kabisa. Kuvutavuta kitambaa kilicholegea huku mtoto yumo hakuleti mkazo wa kweli, nami nimejaribu sana.

Kisha endelea kumtazama. Methali husema mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina, lakini huyu wa wiki tatu bado hajafika huko. Wewe ndiye wa kumtazama yeye. Akikoroma, akiguna kwa kila pumzi, akibadilika rangi, mtoe kwanza, tafakari baadaye. Asipochangamka au pumzi isipokaa sawa, mkimbize kwa daktari.

Akinyonya humo ndani ni lazima umteremshe, basi akimaliza mpandishe na ukaze tena kabla hajasinzia. Hapo ndipo wengi hujisahau, kwa sababu amelala vizuri na hakuna anayetaka kumwamsha. Mwamshe.

Joto nalo usilipuuze. Kitambaa ni nguo, na kifua chako ni kama jiko dogo. Mimi humvalisha nguo moja nyepesi tu. Mguse shingo kwa nyuma: ikiwa moto au ina jasho, mpunguzie nguo au mtoe. Mikono na miguu kuwa baridi kidogo hakumaanishi kwamba mwili mzima una baridi.

Ukiwa naye kifuani usisimame jikoni kwenye moto, usinywe kitu cha moto, usiendeshe baiskeli wala gari. Ndani ya gari anahitaji kiti chake. Kuokota kitu, kunja magoti, mkono nyuma ya kichwa chake. Na kama usingizi unakushika, mlaze kwanza mahali pake.

Mgongoni tulimhamishia baadaye, shingo ilipokaza na kukibeba kichwa bila kuyumba, tena kwa kitambaa kisichovutika. Kile kinachovutika kibaki cha kifuani. Mgongoni mtoto anaweza kujisukuma kwa miguu akachomoka nacho.