Kabla Hujaenda Kumtazama Mzazi na Wewe Bado Unanyonyesha

Piga simu kwanza. Usimpigie mzazi, mpigie anayemuuguza: mama yake, dada yake, au mume kama ndiye anayeingia na kutoka jikoni. Uliza wanapumzika saa ngapi na kama kajifungua kawaida au kwa upasuaji. Ukiambiwa njoo wiki ijayo, usinune. Nenda wiki ijayo.

Mwanao akiwa na mafua, hata kale ka kuchuruzika pua kidogo tu, safari imekufa. Mafua yanayomkosesha wa kwako wa miezi mitano usingizi wa usiku mmoja yanaweza kumlaza kichanga wodini, maana njia zake za hewa ni nyembamba na pua ikiziba hata kunyonya kunamshinda. Chanjo nazo bado. Akizaliwa anapewa BCG, ile ya kifua kikuu, na matone ya polio, lakini ya kifaduro imo ndani ya pentavalenti, sindano moja yenye chanjo tano, nayo inaanza wiki ya 6. Kwa hiyo na wewe mwenyewe ukiwa unakohoa, tuma salamu, tuma na hela ya supu, kaa kwako.

Ukifika, nawa mikono kwa sabuni kabla hujaambiwa. Udi na marashi viache nyumbani. Usimbusu mtoto wa watu. Kumbeba, subiri upewe.

Pampasi na sabuni atazipata mpaka azigawe, wewe peleka chakula kilichoiva. Mtori, supu ya samaki, uji wa pilipili manga kwenye chupa. Unanyonyesha, njaa ya saa nane usiku unaijua.

Mwanao mnyonyeshe ashibe kabla hamjaingia chumbani, na usimlaze kitandani kwa mzazi. Wa miezi mitano hana nia mbaya, ila kidole chake kinaenda machoni moja kwa moja. Khanga ya kumtandikia beba yako. Ukiamua kumwacha nyumbani, kamua ya kumtosha na uache maelekezo. Maziwa yaliyokamuliwa huhesabiwa salama kwa muda wa saa 4 nje ya friji pale chumba kinapokuwa na joto la nyuzi 25 au chini ya hapo, na mchana wa Januari Tanga sijui nani ana chumba hicho. Yaweke kwenye friji, au chombo chenye barafu, au rudi mapema.

Vaa gauni la rangi nzito na uweke kitambaa cha pamba ndani ya sidiria. Kichanga akilia, maziwa yako yatashuka bila kukuuliza. Mwili haujui huyu ni wa nani.

Na mimi kwenye kutojua huko ndiko nilikoungulia.

Shoga yangu alijifungua kwa upasuaji. Nikatoka Muheza siku yake ya nne, mwanangu mgongoni, hotpoti mkononi, mpaka kwao Makorora. Nikamkuta kalala, dawa za maumivu zimemchukua. Mtoto analia. Si kilio cha mchezo, kile cha kukauka koo. Shangazi wa mume ndiye aliyekuwa kambeba, anazunguka naye chumba kizima, na maziwa ya mama mtu, akasema, hayajashuka tangu azaliwe. Mara ananitazama kifuani. Mimi tayari nimelowa, gauni jeupe, ndiyo maana leo nakwambia rangi nzito. Akasema, "Mwanangu, wewe Mungu kakujaalia, mpe mwenzio ziwa, mtoto atakufa na njaa huyu." Akamlaza mapajani kwangu.

Nikampa. Sitasingizia kwamba nililazimishwa. Kanyonya upande mmoja, nikamgeuzia wa pili, akalala kama gunia. Shangazi akashukuru Mungu, mimi nikajiona mtu mwema.

Shoga yangu akaamka, titi limemvimba, anaomba mtoto wake. Akaambiwa keshashiba. Na nani? Hakuna aliyejibu, akaliona gauni langu. Hakunitukana. Aligeukia ukutani, akalia na mshono wake umemshika, mimi nimekaa pale na hotpoti. Baadaye sana ndipo aliponiambia kilichomuuma: siku nne anapambana na yale matone ya dang'a, manesi wanamwambia mwekee tu titini yatakuja, halafu mgeni anaingia na kummalizia kazi kwa robo saa.

Hilo lilikuwa la kwanza. Jioni mumewe kapiga simu, sauti ya adabu kabisa. "Samahani shemeji, kipimo chako cha mwisho kilikuwa lini?" Nikataka kukasirika. Nikahesabu: nilipimwa VVU nikiwa mjamzito, miezi saba nyuma. Kipimo kinasema habari za siku ile uliyopimwa, hakiendi mbele na wewe. Na virusi vinapita kwenye maziwa ya mama, ndiyo sababu kliniki inatupima. Muuguzi aliponielezea kesho yake asubuhi nilipokwenda kupima tena, alinuna kidogo: mtoto aliyenyonyeshwa na mtu asiyejua hali yake, dawa za kinga zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Tena maambukizi mapya kabisa huchukua wiki kadhaa kuonekana kwenye kipimo. Majibu yangu yalitoka salama, lakini ule usiku mmoja wa kusubiri, nyumba mbili hazikulala.

La tatu ndilo sikuwa nimelifikiria hata chembe, na mimi nimesoma madrasa. Mama mkwe wa shoga yangu akauliza, "Kanyonya mara ngapi?" Maana mwanangu ni wa kike na wao wamepata wa kiume. Sura ya An-Nisaa, aya ya 23, inataja mama aliyekunyonyesha na dada wa kunyonya pamoja na wale usioweza kuwaoa. Nikijaza masharti mimi ni mama yake, mwanangu ni dada yake, na mume wangu, ambaye siku hiyo alikuwa kazini kwake hana habari, anakuwa baba. Ustadhi akatutuliza kwa hesabu: kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, udugu huthibiti kwa nyonyesho 5 zilizotimia, ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na ile ilikuwa moja. Lakini akaongeza kwamba kwa Hanafi na Maliki hata moja inatosha, kwa hiyo tuandike tarehe na watoto waje kuambiwa. Tumeandika. Iko nyuma ya kadi ya kliniki ya mwanangu, kwa kalamu nyekundu.

Basi usitoe ziwa kwa sababu ya huruma ya dakika moja. Mwamshe mama. Mtoto ni wake, hata kama ana mshono na kalala fofofo, mwamshe. Mwekee mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, anyonye hata kama unaona hakitoki kitu, kwa sababu huko kunyonya ndiko kunakoyaita maziwa. Yakichelewa mpaka siku ya tatu, ya nne, hasa baada ya upasuaji, ni jambo linalotokea sana, halimaanishi mama ni mkavu. Msaidie kukamua lile la njano, mtoto anyweshwe kwa kijiko. Asipokojoa, akilegea, akishindwa kunyonya, hapo ni hospitali, si titi la jirani wala maji ya sukari. Ikitokea familia wenyewe wameamua umnyonyeshe, basi mama kakubali kwa kinywa chake, umepima, na baba wote wawili wanajua. Si shangazi.

Shoga yangu yalimshuka kesho yake, siku ya tano, mengi mpaka anakamulia taulo. Tunaongea. Ila ilichukua mwezi.

Mengineyo ni madogo. Usimwambie wako alizaliwa na kilo ngapi. Usiseme "mbona mdogo". Usipige picha, wengine wanasubiri arobaini. Ukikuta uzi mweusi mkononi au wanja kwenye paji la uso, hujaitwa kutoa semina. Na wakikwambia hapo kwao mwenye mtoto anayenyonya haingii chumba cha mzazi, usibishane, salimia mlangoni. Mambo ya kubemenda na kuchira, zile imani za mtoto kudhoofika watu wazima wakivunja miiko, usiyaanzishe wewe kama mazungumzo, mzazi ana hofu za kutosha.

Kaa nusu saa. Osha vyombo utakavyovikuta kwenye karo, usiulize "nikusaidie nini". Ondoka kabla ya mbu. Kama utapanda bodaboda na mtoto, afadhali usubiri daladala, na kama daladala imejaa, subiri nyingine. Maji ya kunywa beba, utasikia kiu njiani. Na hotpoti ukiisahau iache hukohuko, usimpigie mzazi simu kuiulizia.