Barakoa ya kroshia inayoziba kweli

Mimi hufuma barakoa kwa uzi wa pamba tu. Uzi wa akriliki hupendeza machoni, lakini usoni huleta joto na muwasho. Chukua sindano ya kroshia ya milimita 3. Sindano nene huacha matundu makubwa, na matundu ndiyo adui yetu hapa.

Anza na mnyororo wa vitanzi wa sentimita 18 hivi. Pima kwa rula badala ya kuhesabu vitanzi, maana kila mkono una mkazo wake. Ongeza kitanzi kimoja cha kugeuzia, kisha rudi kwa mishono mifupi (chomeka sindano, vuta uzi, halafu uvute tena kupitia vitanzi viwili vilivyo kwenye sindano), safu juu ya safu, mpaka ifunike kutoka mwamba wa pua hadi chini ya kidevu, kama sentimita 13. Ukiona ukingo unaingia ndani, ujue unaruka mshono wa mwisho wa safu. Fumua, urudie.

Sasa sehemu nisiyokubali mtu airuke: bitana. Hata ufume kwa kubana vipi, hewa hupita kati ya nyuzi, na matone ya kikohozi nayo hupita. Kata vipande viwili vya kitambaa cha pamba kizito, vioshe kwanza visije vikapungua baadaye, kunja pindo, uvishone kwa mkono upande wa ndani. Juu acha upenyo wa kupitishia waya laini wa puani, halafu uzibe.

Lastiki za masikio, sentimita 17 kila upande kwa mtu mzima. Mjaribishe mvaaji kabla ya kukaza mafundo. Ifue kwa sabuni kila inapovaliwa.