SOMO: Sindano na damu ya kisigino, namna ya kumpunguzia mtoto mchanga maumivu bila dawa

Nimeulizwa jambo hili kwenye simu, nimeulizwa harusini, juzi nimeulizwa kwenye feri ya Likoni nikiwa nimebeba mzigo kichwani. Najibu, na kesho yake anakuja mwengine na swali lile lile. Basi naliandika lote hapa. Akiuliza mtu, mleteni asome.

Mimi ni muuguzi, mwaka wa 14 sasa kati ya wodi ya wazazi, nasari (wodi ya watoto wachanga wanaohitaji uangalizi) na kliniki ya watoto hapa Mombasa. Nazungumzia mambo madogo madogo: vitamini K ya paja mtoto akishazaliwa, BCG (chanjo ya kifua kikuu) ya mkono wa kushoto, damu ya kisigino ya kupima sukari au manjano, na chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Tohara siyo mambo madogo. Najua itaulizwa, nitaijibu chini.

Hatua ya 1. Beba kijitabu cha kliniki, leso mbili na nepi ya akiba.

Hatua ya 2. Vaa blauzi ya vifungo chini ya buibui, usije ukahangaika kutafuta pa kutolea ziwa.

Hatua ya 3. Usimshibishe kabisa nyumbani. Akishiba hatanyonya saa unayomtaka anyonye.

Hatua ya 4. Mwambie sista kabla hajashika sindano: "Nataka anyonye wakati wa kudungwa, nipe dakika tano." Sema kwa adabu na usione haya. Sista hawezi kujua unachotaka ikiwa umenyamaza, na foleni ikimsukuma atafanya upesi.

Hatua ya 5. Mvue abaki na nepi, mweke wima kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, kichwa kimelala upande, leso moja mgongoni mwake. Kwa joto letu leso moja inatosha. Kaeni hivyo dakika 10 hadi 15. Foleni yenyewe itakupa muda huo, utumie. Mtoto anayetolewa damu ya kisigino anaweza kubaki papo hapo kifuani, mguu tu ndio utoke nje ya leso.

Hatua ya 6. Ziwa. Hapa ndipo nilipowahi kukosea, kwa hivyo nitakaa hapa.

Miaka yangu ya mwanzo kazini, asubuhi moja foleni imefika mlangoni, mama mmoja alimpeleka mwanawe ziwani nami nikaona yatosha. Mdomo umegusa chuchu, basi ananyonya. Nikadunga. Mtoto alikuwa hajavuta hata funda moja. Aliachia ziwa, akajipinda kwa nyuma, akalia mpaka sauti ikakatika. Baya zaidi likaja baadaye: kila mama alipomrudisha alitupa kichwa pembeni. Walikaa kwenye benchi karibu saa nzima, maziwa yamelowesha buibui, mtoto hataki. Yule mama hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Sista, nimekosea wapi?" Hakukosea yeye, nilikosea mimi, na siku ile sikumwambia. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hivyo nisikilizeni. Mdomo kugusa chuchu siyo kunyonya. Mwanzo mtoto huvuta haraka haraka bila kumeza. Hapo anayaita maziwa, usikubali sindano bado. Ngoja uone kidevu kinashuka, kinatulia kidogo, kinapanda, na usikie sauti ndogo ya kumeza. Tazama mkono wake: ile ngumi aliyokuja nayo itaanza kulegea, kidole kimoja baada ya kingine. Kuanzia hapo hesabu dakika 2, kisha mpe sista ishara. Sindano ikiingia utaona macho yanafumbuka, kipaji kinakunjamana, anasita pumzi moja, halafu kidevu kinaendelea na kazi yake.

Maonyo ya hatua hii:

Usimchomoe ziwani pale sindano inapoingia eti asipaliwe. Akina mama hufanya hivyo kwa huruma, na baadhi yetu wauguzi ndio tuliowafundisha hivyo. Tafiti zimefanywa kwa watoto walionyonya huku wakidungwa, na kupaliwa hakukuonekana. Ukimchomoa umemnyang'anya kinga saa anayoihitaji.

Akiachia na kulia, usimlazimishe kwa kumshika kisogo. Mrudishe kifuani, mtulize, mpe tena akiwa tayari. Kichwa kikisukumwa ziwani huku mtoto yuwalia, atalichukia ziwa.

Maziwa ya kukamuliwa na kudondoshewa kwa kijiko husaidia kidogo, ila hayafikii kunyonya kwenyewe.

Mtoto anayehema kwa shida, au aliyeambiwa na daktari asipewe kitu mdomoni, hatua hii siyo yake. Nenda ya 8, uchukue mkunjo na leso tu.

Hatua ya 7. Chanjo zikiwa zaidi ya moja, yaanze matone, kwa kuwa ya rota, yale ya kukinga kuhara, yana utamu. Kisha sindano ya paja la kushoto, na ile ya nimonia ya paja la kulia iwe ya mwisho, maana ndiyo inayowaka zaidi. Sista hana haja ya kuvuta sindano nyuma kuangalia damu. Shirika la Afya Duniani lilishauri hivyo mwaka 2015, kwani huko kuvuta kunaongeza maumivu tu. Akimaliza, mwache mtoto aendelee kunyonya hadi aachie mwenyewe.

Hatua ya 8. Kama kunyonya hakuwezekani. Mkunje: kiganja kimoja kichwani, kingine kishike miguu iliyokunjwa magoti yaelekee tumbo, mikono yake iwe karibu na mdomo. Mshike hivyo bila kumpapasa papasa, kabla, wakati na baada. Au mfunge kwa leso, mikono kifuani, lakini nyonga ziwe huru. Leso ya kunyoosha miguu kama mshumaa inaumiza nyonga. Ikiisha kazi mfungue, asipate joto. Kidole chako kilichooshwa vizuri, kucha fupi, upande wa nyama ukitazama juu, anaweza kukinyonya. Hospitalini tunayo pia maji ya sukari yaliyopimwa: matone machache juu ya ulimi, dakika 2 kabla, na nguvu yake huisha baada ya dakika chache. Hiyo ni kazi ya muuguzi. Nyumbani usikoroge.

Hatua ya 9, ya damu ya kisigino. Uliza kama vipimo vyote vinaweza kuchukuliwa mara moja. Kisigino kitobolewe pembeni, kamwe siyo katikati. Kinachomliza mtoto zaidi mara nyingi ni kule kukamuliwa baada ya kutobolewa. Kwa aliyetimiza miezi yake, damu ya mshipa ikichukuliwa na mkono uliozoea humuuma kidogo kuliko kisigino. Inafaa kuuliza.

Maswali karibu.

—

Mama Fahima: Shukran sista. Nimpe Panadol nusu saa kabla ya kwenda kliniki?

Jibu: Hapana. Somo ni la bila dawa, soma kichwa. Dawa ya homa haimzuilii uchungu wa sindano. Mtoto chini ya miezi 3 akipata joto, mlete aonwe.

Salim, Kisauni: Dadangu, nataka kuelewa. Kunyonya kunaondoaje maumivu ya paja? Ni kumshughulisha tu asahau?

Jibu: Swali zuri kakangu. Siyo kumshughulisha tu. Anapata mambo mengi kwa pamoja: joto la ngozi, harufu ya mamake, mapigo ya moyo aliyoyazoea tumboni, utamu wa maziwa, na kule kuvuta kwa mpango ambako peke yake humtuliza. Utamu umechunguzwa kwa panya wachanga: mwili unatoa vitulizo vyake wenyewe, jamii ya mofini, na watafiti wakivizuia, utamu unapoteza kazi. Lakini nikwambie na upande wa pili. Mwaka 2010 watafiti wa London walipima umeme wa ubongo wa watoto wakitobolewa kisigino. Waliopewa sukari walikunja uso kidogo kuliko wengine, ila ubongo ulionyesha ishara ya maumivu vile vile. Ndiyo maana mimi sukari naiweka mwisho, kifua cha mama mwanzo.

Kipepeo wa Bamburi: Mwawadekeza hawa watoto. Sisi tulidungwa, tukalia, tukakua. Mtoto wa siku mbili ajua nini?

Jibu: Anajua kuumwa. Hata madaktari walifikiri kama wewe. Mpaka miaka ya 1980 kulikuwa na watoto wachanga wanaopasuliwa kwa ganzi haba mno. Mwaka 1987 Daktari Anand na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba waliopewa dawa ya kutosha ya maumivu walitoka kwenye upasuaji wakiwa na hali bora kuliko ambao hawakupewa. Miaka mingi nimewashika watoto hawa mikononi. Dakika tano za kunyonya si kudekeza.

Bi Nuru: Mwanangu, na asali? Bibi zetu walikuwa wakiwapaka ulimini.

Jibu: Shikamoo Bi Nuru. Asali hapana, mpaka mtoto atimize mwaka. Inaweza kubeba mbegu za kijidudu ambacho tumbo la mtu mzima hulishinda, ila kwa mchanga hutoa sumu inayolegeza mwili hadi pumzi. Na kuichemsha hakuui mbegu hizo. Wanaofanya tahniki, yaani kumpaka mchanga tende iliyolainishwa mdomoni, hilo ni la dini na silizuii. Naomba tu mikono ioshwe na asali isiingizwe badala yake.

Bi Nuru: Nimeelewa mwanangu. Nitawaambia wakaza wanangu.

Mama Fahima: Kwa hivyo sukari ya nyumbani naweza kukoroga kidogo tu?

Jibu: Hatua ya 8, mstari wa mwisho.

Mama Pendo: Sista, wangu kazaliwa wiki ya 31, yuko nasari. Akitobolewa halii kabisa, yuwalala tu. Nimeambiwa ni mtoto mtulivu. Ina maana haumwi?

Jibu: Pole mamangu, na hongera kwa kumpigania. La, haina maana hiyo. Wa wiki hizo mara nyingi hana nguvu za kulia. Mtazame karibu: nyusi zinashuka na kukutana, macho yanabanwa, mfereji unajichora toka puani hadi pembe ya mdomo, vidole vya mikono vinatanuka. Au analegea mwili mzima. Hicho ndicho kilio chake. Waambie unataka kuwepo wakati wa kutobolewa, na umuulize muuguzi wake kama ameruhusiwa kukaa kifuani kwako. Matunzo haya ya kifuani, yaitwayo ya kangaruu, yalianzishwa Bogotá mwaka 1978 kwa watoto kama wako. Ikiwa bado hajaruhusiwa, omba ufundishwe ule mkunjo wa hatua ya 8. Osha mikono, ipashe joto kwa kuisugua, kisha iweke, itulie. Mikono yako miwili inamtosha mwili mzima.

Baba Zawadi: Mke wangu kazaa kwa upasuaji, bado amelala. Kifua changu kinafaa, au ni cha mama pekee?

Jibu: Chafaa sana. Oga, usijipake manukato, vua shati, fuata hatua ya 5. Mwambie mtoto maneno kwa sauti ya chini, sauti yako aliisikia tumboni. Baba wachache sana huuliza hivi, nimefurahi.

Umi Rahma: Sasa sista, tohara? Wetu ana siku 9, babake yuwataka tumalize. Kuna mtu hufanya nyumbani, asema sukari yatosha.

Jibu: Sukari haitoshi, ziwa halitoshi, leso haitoshi. Tohara yataka ganzi, na mtu mwenye ujuzi mahali safi. Mwaka 1997 huko Toronto, Anna Taddio na wenzake waliwafuatilia watoto wa kiume mpaka chanjo za miezi 4 au 6. Waliotahiriwa bila ganzi walilia na kuonyesha maumivu zaidi kuliko ambao hawakutahiriwa. Mwili ulikuwa haujasahau. Muulize huyo mtu kama anatumia ganzi. Akisema haina haja, mchukue mwanao uende hospitali.

Umi Rahma: Na kutoga masikio ya binti je?

Jibu: Hiyo haina haraka. Mimi ningengoja apate chanjo za pepopunda kwanza. Siku ikifika, sindano mpya, na anyonye kama nilivyoeleza.

Mama wa Changamwe: Nje ya mada kidogo. BCG ya wangu imefanya kidonda, nikipake nini?

Jibu: Usikipake kitu. Kijipu, kidonda kidogo, kisha kovu, ndiyo kazi yake. Usifunge bandeji, usikande. Uvimbe ukitokea kwapani, mlete tuuone.

Mama Twaha: Sista, nimerudi. Leo tulikuwa na wiki 6. Nilifanya yote. Sindano ya kwanza alisita tu, akaendelea. Ya pili akalia sana, nikaona nimeharibu.

Jibu: Hujaharibu. Alilia muda gani?

Mama Twaha: Kama dakika moja. Nilipombadilisha ziwa ili paja la kulia liwe nje, akakatika kunyonya, na sista akadunga hapo hapo.

Jibu: Basi tatizo ni pale. Wiki ya 10 usibadilishe ziwa. Mlaze kwa namna ambayo mapaja yote mawili yanafikika: akae kama amekupanda paja, kifua kwa kifua, miguu huku na huku. Jaribu nyumbani kwanza ukiwa umetulia. Ikikushinda na lazima ubadilishe, mwambie sista angoje mpaka usikie anameza tena.